Punje za Mtama na Hesabu ya Wahenga

Kusini ya Kilifi, mahali ambapo hori nyembamba huingia bara kutoka Bahari ya Hindi, upo mji wa Takaungu. Mgeni apitaye huko leo huona nyumba chache za mawe, misikiti, minazi, na ngalawa za wavuvi zilizopweleka mchangani maji yakiisha kupwa. Hana lolote la kumwambia kwamba katika karne ya 19 hori hii ilikuwa lango la nafaka, na kwamba majahazi yalitoka hapa yamesheheni mtama na mahindi kwenda Unguja na Arabuni. Katika insha hii nakusudia kuitumia bandari hiyo ndogo kuwaeleza wanafunzi habari za hesabu moja kubwa mno. Nia yangu si kumstaajabisha mtu kwa wingi wa tarakimu. Nia yangu ni kuonyesha kwamba hesabu ikifuatwa kwa uaminifu hatua baada ya hatua, huweza kutufundisha jambo juu ya historia yetu wenyewe, tena jambo ambalo pengine tusingependa kuambiwa na mtu.

Hesabu yenyewe ni hii: 18,446,744,073,709,551,615. Ina tarakimu 20. Kuitaja kwa maneno ni kazi, kwa maana lugha yetu haikuzoea kusafiri mbali hivyo. Babu zetu wa kale walihesabu kwa maneno ya Kibantu: moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, kumi. Sita waliita mtandatu, saba waliita mfungate, na tisa waliita kenda. Biashara na dini zilipoleta maneno ya Kiarabu, sita, saba na tisa yakachukua nafasi, lakini maneno ya kale hayakufa yote. Bibi arusi na bwana arusi wangali wakikaa fungate, ambayo asili yake ni siku saba; na jirani zetu wa bara ya Takaungu huitwa Mijikenda, yaani miji tisa: Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe, Waribe, Warabai, Waduruma na Wadigo. Kutoka Arabuni tukapata mia na elfu, kutoka Bara Hindi tukapata laki, na kutoka Ulaya tukapata milioni. Kila neno kubwa zaidi limetoka mbali zaidi. Basi katika kuhesabu tu, kabla hatujafungua kitabu chochote cha historia, twaona bahari yote iliyotuzunguka.

Hesabu hiyo kubwa huambatana na hadithi moja mashuhuri. Husemwa kwamba alikuwako mfalme katika Bara Hindi ambaye mtu mwenye hekima alimtungia mchezo wa sataranji. Mfalme akafurahi, akamwambia aombe atakalo. Yule mtu akaomba nafaka: punje moja katika mraba wa kwanza wa ubao, punje mbili katika mraba wa pili, nne katika wa tatu, nane katika wa nne, na hivyo kila mraba upate maradufu ya uliotangulia, hata miraba yote 64 itimie. Mfalme akaona ombi hilo ni dogo, hata likamuudhi. Lakini waandishi wake walipokaa kupiga hesabu, walirudi wakamwambia kwamba nafaka ya ufalme wote haitoshi.

Hiyo ni hadithi, na mwanafunzi wa historia hana budi kutenga hadithi na tukio. Hakuna ajuaye kwa yakini aliyetunga sataranji, wala mfalme huyo hakuacha barua. Lakini hadithi yenyewe ina historia yake. Imo katika vitabu vya Kiarabu tangu karne ya 9, naye Ibn Khallikan, mwandishi wa kamusi ya wasifu wa watu mashuhuri aliyekufa mwaka 1282, ameieleza na kumtaja yule mwenye hekima kwa jina la Sissa. Kabla yake, mwanachuoni al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarazm, alikwisha kuonyesha njia ya mkato ya kuifanya hesabu hiyo. Hawa waliandika kwa tarakimu zilizobuniwa Bara Hindi, ambazo al-Khwarizmi alizieleza katika karne ya 9 na ambazo zilienea kwa njia ya Waarabu hata Ulaya. Pamoja na tarakimu hizo ilikuja alama ya mahali patupu, ambayo sisi twaiita sifuri kwa jina lile lile la Kiarabu. Pwani yetu haikuwa nje ya ulimwengu huo. Msikiti wa Kizimkazi katika kisiwa cha Unguja una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Na katika magofu ya Gedi, kati ya Kilifi na Malindi, liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Watu waliochonga tarehe hizo katika mawe walijua kuhesabu miaka, na biashara yao iliwalazimu kuhesabu mali.

Na tuiangalie sasa njia ya al-Biruni, maana ni nzuri na fupi. Mtu asiyefikiri ataongeza maradufu mara 63, kisha atajumlisha mafungu yote 64, na yamkini atakosea njiani. Al-Biruni alitambua kwamba namba ya mraba mmoja ikizidishwa kwa yenyewe hutoa namba ya mraba ulio mbali mbele. Mraba wa tano una punje 16. Zidisha 16 kwa 16, utapata 256, nayo ni namba ya mraba wa 9. Zidisha 256 kwa 256, utapata 65,536, nayo ni namba ya mraba wa 17. Zidisha hiyo kwa yenyewe, utapata 4,294,967,296, nayo ni namba ya mraba wa 33. Zidisha hiyo tena kwa yenyewe, utafika katika mraba wa 65, ambao haupo katika ubao. Hapo utasoma 18,446,744,073,709,551,616. Toa moja, nawe umekwisha kupata jumla ya ubao mzima.

Kwa nini tutoe moja? Sababu yake yaweza kuonyeshwa kwa mtoto kwa punje chache juu ya meza. Chukua punje moja ya ziada, uiweke kando ya ile punje moja ya mraba wa kwanza. Sasa zimekuwa mbili, sawasawa na mraba wa pili. Zichanganye na zile za mraba wa pili, zitakuwa nne, sawasawa na mraba wa tatu. Zichanganye na za mraba wa tatu, zitakuwa nane, sawasawa na wa nne. Endelea hivyo hata mwisho, na jumla yako itakuwa sawasawa na mraba wa 65. Lakini ile punje ya kwanza uliyoiongeza haikuwa ya ubao. Basi irudishe kwa mwenyewe, na jumla ya ubao itapungua moja. Kwa sababu hiyo hiyo, kila mraba peke yake una punje nyingi kuliko miraba yote iliyoutangulia ikijumlishwa pamoja, na ziada yake ni punje moja tu. Mtu akisema kwamba yaliyopita yote ni makubwa kuliko hatua moja ijayo, hesabu hii yamkanusha.

Sasa tuichukue hesabu hiyo tuipeleke Takaungu, tuipime kwa vipimo vya wenyeji. Zamani nafaka ya pwani haikuuzwa kwa kilo. Kipimo kidogo kilikuwa kibaba, yapata thuluthi mbili za kilo. Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi, na pishi 60 ni jizla. Mtama una punje ndogo. Na tukadirie kwamba kilo moja ina punje 40,000. Miraba ya kwanza ya ubao ni mchezo wa watoto. Katika mraba wa 10 ziko punje 512, ambazo hazijai kiganja. Mraba wa 16 una punje 32,768, zaidi kidogo ya kibaba. Mraba wa 18 wapita pishi moja, na mraba wa 24 wapita jizla moja. Mfalme angali akitabasamu. Tukifika mraba wa 32, nusu kamili ya ubao, tumekusanya punje 4,294,967,295, ambazo uzito wake ni kama tani 107. Shehena hiyo ingelitosha jahazi moja kubwa, na nahodha angelitweka tanga akaenda zake.

Bila shaka wasomaji wengi hawana ubao wa sataranji nyumbani, lakini wamewaona wazee wakicheza bao barazani. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete zake ni 64. Basi ile nusu ya ubao wa sataranji ni bao letu zima: tukiweka punje moja katika shimo la kwanza na kuongeza maradufu hata shimo la 32, tutapata jahazi moja la mtama. Mtu angedhani kwamba nusu ya pili ya sataranji itadai jahazi la pili, au majahazi kumi, au mia. La, hasha. Nusu ya pili yadai majahazi 4,294,967,296 ya namna hiyo. Ubao mzima hupata tani bilioni 461 hivi. Lau jahazi la tani 100 lingeondoka Takaungu kila dakika moja, usiku na mchana, kusi na kaskazi, pasipo kupumzika, kazi ya kuisafirisha nafaka hiyo ingechukua zaidi ya miaka 8,700. Katika miaka hii ya 2020 mashamba yote ya dunia huvuna nafaka za kila aina karibu tani bilioni 3 kwa mwaka. Hata zikikusanywa zote, deni la mfalme lisingelipika kabla ya miaka 150. Na mtu ambaye angekaa kuhesabu punje moja kwa kila nukta ya saa angehitaji miaka bilioni 585, hali wataalamu hukadiria umri wa ulimwengu wote kuwa miaka bilioni 13.8.

Katika habari hiyo ya nusu mbili mmefichika sifa nyingine ya hesabu yetu. Miraba minne ya kwanza ina punje 1, 2, 4 na 8, jumla yake 15. Miraba minne inayofuata ni ile ile ya kwanza, ila kila mmoja umezidishwa mara 16. Kwa hiyo jumla ya miraba minane ni 15 mara 17, yaani 255. Kadhalika jumla ya miraba 16 ni 255 mara 257. Ya miraba 32 ni 65,535 mara 65,537. Na ya miraba 64 ni 4,294,967,295 mara 4,294,967,297. Ukirudi nyuma hata mwanzo utaona kwamba hesabu yetu kubwa imejengwa kwa namba sita zikizidishwa pamoja: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297.

Hapo ndipo mtu mmoja mwenye akili nyingi alipojikwaa. Katika karne ya 17 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyependa hesabu, alizitazama namba za ukoo huo. Aliona kwamba 3 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Aliona 5 ni tasa, na 17 ni tasa, na 257 ni tasa, na 65,537 ni tasa. Akaamini kwamba namba zote zinazofuata katika ukoo huo ni tasa pia, ingawa alikiri kwamba hakuwa na uthibitisho. Wengine wakaikubali rai hiyo kwa heshima ya msemaji. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzalishaji mkubwa wa elimu ya hesabu aliyezaliwa Uswisi, akaonyesha kwamba namba ya sita, 4,294,967,297, yagawanyika kwa 641, na jawabu lake ni 6,700,417. Mwanafunzi mwenye kalamu na karatasi aweza kuzidisha mwenyewe akahakikisha. Kwa hiyo vigawo tasa vya hesabu yetu si sita bali ni saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Na kwa kuwa ni saba, tena hakuna kinachorudiwa, namba zote zinazoweza kuigawanya pasipo baki ni 128.

Nimelisimulia kosa la Fermat kwa makusudi. Mashahidi watano walisema neno moja, naye akadhani shahidi wa sita hawezi kusema vingine. Waandishi wa historia nao hukosea vivyo hivyo. Hupata habari za miji mitano ya pwani, wakaandika kana kwamba wameiona yote. Husikia ukoo mmoja ukisimulia asili yake, wakaandika kuwa ndiyo asili ya kabila zima. Mtu mwaminifu hutafuta 641 yake kabla hajatoa hukumu.

Na sasa yatupasa kuuliza swali ambalo hadithi ya mfalme haiulizi: nafaka ile ililimwa na nani? Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan aliitwaa Mombasa, na Mazrui walioitawala kwa muda wa karne moja hivi wakatawanyika. Wengine walikwenda Gasi, upande wa kusini, na wengine wakaja Takaungu, wakaustawisha mji na mashamba yake. Baadaye, yapata mwaka 1861, Malindi nayo ilifufuliwa chini ya Sultani wa Unguja, ikawa shamba kubwa la mtama. Ustawi huo wa nafaka ulisimama juu ya mabega ya watumwa. Walifyeka, walilima, walivuna, wakachukua vikapu hata ufuoni. Kila pishi iliyopimwa bandarini iliandikwa. Jina la aliyelima halikuandikwa.

Tena kulikuwa na mlango mwingine wa kuingilia utumwani, nao ni deni. Mvua zilipokosa kunyesha, watu wa bara walishuka pwani kutafuta chakula. Katika njaa ya Mwakisenge, ya miaka ya 1884 na 1885, wako Wamijikenda waliowaweka watoto na jamaa zao rehani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka. Wengine walikombolewa mvua zilipokuja. Wengine hawakukombolewa, na rehani ikageuka kuwa utumwa. Yule mfalme wa Hindi alikubali deni dogo pasipo kupiga hesabu, akacheka, na hadithi ikaisha kwa kicheko. Mzazi mwenye njaa hakukubali kwa ujinga. Alikubali kwa kuwa mtoto alikuwa akifa mikononi mwake. Lakini madeni hayo mawili yana tabia moja: siku ya kwanza huonekana dogo kama punje, na siku ya mwisho halilipiki. Pengine ndiyo sababu dini na sheria za watu wengi zimeiogopa riba tangu zamani. Fedha ikiongezeka maradufu kila baada ya muda fulani, hata muda huo ukiwa mrefu, hufuata njia ile ile ya ubao wa sataranji.

Mwaka 1895 alipokufa Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu, ugomvi wa kurithi ulizuka, na Waingereza wakamuunga mkono Rashid bin Salim. Vita vya Mazrui vikafuata hata mwaka 1896, ambapo Mbaruk bin Rashid wa Gasi alivuka mpaka kuingia nchi iliyokuwa ya Wadachi. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni iliondoa hali ya utumwa katika sheria. Ndipo watumwa wa pwani walipohesabiwa kwa uangalifu, kwa kuwa fidia ilikuwa ya kulipwa. Lakini fidia hiyo walilipwa mabwana kwa kuondokewa na mali. Aliyelima hakupewa hata kibaba kwa miaka aliyolima.

Sheria ilikwisha, lakini maneno hayakwisha. Mimi nimelelewa katika pwani hii, na nilipokuwa mtoto nilisikia watu wazima wakitajiana asili kwa jeuri: huyu ni mtu wa ukoo fulani, yule babu yake alinunuliwa, huyu ni mwungwana, yule ametoka bara. Niliporudi kufundisha nilisikia wanafunzi wangu wakirudia maneno hayo hayo uwanjani. Sikuwachapa. Niliwaambia walete daftari, tukachora ubao wa sataranji.

Nikamwambia kila mwanafunzi ajiandike mwenyewe katika mraba wa kwanza. Katika mraba wa pili aandike wazazi wake, wawili. Katika wa tatu, babu na bibi zake, wanne. Katika wa nne, wazazi wa hao, wanane. Hapana mtu azaliwaye pasipo baba na mama, basi kila mraba ni maradufu ya uliotangulia, kama punje za yule mwenye hekima. Tukikadiria miaka 25 kwa kila kizazi, mraba wa 31 hutupeleka nyuma miaka 750, karibu na siku za yule Ibn Khallikan niliyemtaja. Huko kila mwanafunzi apaswa kuwa na wahenga 1,073,741,824. Lakini wakati huo watu wote wa dunia hawakufika idadi hiyo, wala hata nusu ya idadi hiyo. Tukienda hata mraba wa 64, jumla yake ni ile ile hesabu yetu kubwa, hali wataalamu hukisia kwamba wanadamu wote waliopata kuzaliwa tangu mwanzo ni kama bilioni 100 na ushei.

Darasa lilinyamaza. Kisha mwanafunzi mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, hesabu imekosea." Nikamwambia, "Hesabu haikukosea, mwanangu. Tazama tena tulichokidhania." Wakatazama. Ni msichana aliyeketi nyuma aliyeona kwanza. Tulikuwa tumedhani kwamba kila nafasi ya mhenga ina mtu wake peke yake. Dhana hiyo haiwezekani kuwa kweli. Hapana budi mtu mmoja awe amekaa katika nafasi nyingi: awe babu wa mama na pia babu wa baba, awe mhenga wa huyu na wa yule. Matawi ya kila ukoo, yakifuatwa nyuma, hayaendelei kupanuka. Hukutana, hujifunga, huingiliana. Na katika mji wa bandari, ambapo kwa karne nyingi watu wameoana wa pwani na wa bara, waliokuja kwa jahazi na waliokuja kwa miguu, waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa, makutano hayo hayako mbali.

Namba haikuwatajia wanafunzi wangu jina la mhenga hata mmoja, wala haikumwambia yeyote kwamba ametoka kwa fulani. Kazi hiyo ni ya historia, nayo ina ushahidi wake. Lakini namba ilifanya jambo moja: iliondoa uwezekano wa mtu kudai kwamba damu yake imeshuka katika mfereji mmoja safi pasipo kuchanganyika na mwingine. Mtu hujisifu kwa babu mmoja anayemjua, akawasahau maelfu asiowajua. Na miongoni mwa hao asiowajua yumkini wamo watu wale wale anaowadharau.

Hesabu ya punje za mtama haikubaki katika vitabu vya kale. Kompyuta huandika kila kitu kwa alama mbili tu, 0 na 1, na nyingi za siku hizi huzipanga alama hizo katika mafungu ya 64. Namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa katika fungu moja la namna hiyo, ikiwa hakuna alama ya kutoa, ni 18,446,744,073,709,551,615. Mvuvi wa Takaungu aliye na simu ya namna hiyo mfukoni amebeba ubao mzima wa yule mfalme pasipo kujua.

Basi, wanafunzi, mkikutana na hesabu kubwa msiiogope, wala msiishangilie tu. Ivunjeni katika vigawo vyake mwone imejengwa kwa nini. Ipimeni kwa kibaba na pishi mnazozijua. Kisha ulizeni ni nani aliyehesabiwa ndani yake, na ni nani aliyeachwa nje. Wakulima wa Takaungu waliachwa nje ya daftari za bandari, lakini hawakuachwa nje ya hesabu ya wahenga. Humo wamo, kila mmoja katika nafasi yake, pamoja na mabwana waliowamiliki. Na sisi sote tulio hai ni mraba wa kwanza.